Jina la Mkunga

Kwa miaka mingi, yule mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alizoea kusimamishwa na watu asiowajua na kuelezwa habari za macho yao. Pengine yuko sokoni anachagua nyanya, au yuko kwa fundi viatu anasubiri kisigino kigongewe, mtu anamsikia akiitwa jina, basi anageuka na kumkodolea macho.

"Kumbe ndiye wewe! Afadhali nimekupata. Hili la kushoto linachuruzika machozi tangu wiki iliyopita." Na kabla hajajitetea, mwenzake ameshaivuta kope kwa kidole na kumsogezea uso.

"Siye mimi, ndugu yangu. Mimi ni wa redioni. Unayemtaka ni daktari."

"Lakini jina si lenu?"

"Jina letu, macho yake."

Jina lenyewe halikuwa lile la kusikika kila kona, na lilikuwa halichagui mwanamke wala mwanamume. Lakini mjini pale walikuwepo watu watatu mashuhuri waliokuwa nalo. Wa kwanza ndiye huyo mtangazaji, ambaye sauti yake iliingia majumbani kabla ya chai. Wa pili alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa macho, mwanamke mkimya, mwembamba, anayetembea kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Wa tatu alikuwa kipa wa timu ya taifa, mrefu kama mlingoti, mwenye viganja ambavyo watu walisema vikimpa mkono mtoto, mtoto anapotea mzima.

Wote walikuwa wanateseka kwa ajili ya wenzao. Timu ikifungwa, wagonjwa walikuwa wakimwambia Daktari, huku kidevu wamekiweka kwenye kile kifaa cha kupimia, "Pole Daktari, ila lile bao ungeruka mapema kidogo." Kipa naye alikuwa akipigiwa simu na akina mama wa watu wakimwomba amsalimie shangazi yao hewani na amwekee wimbo. Yeye ni mpole, hajui kukataa. Siku moja alimwimbia mwenyewe.

Mtangazaji ndiye aliyepata wazo la kuwakutanisha. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu yenye mvua, habari ni chache, na wote wawili walikubali bila kubembelezwa. Walifika studio wakitweta kwa ngazi. Magoti ya Kipa yaligoma kuingia chini ya meza, ikabidi akae upande kama mtu aliyepanda punda. Daktari alivaa zile spika za masikioni, akazivua, akazipangusa kwa kitambaa chake, akazivaa tena.

"Karibuni somo zangu, wenye jina langu," alisema Mtangazaji taa nyekundu ilipowaka, na watu huko majumbani wakaanza kucheka kabla hata hawajajua kinachochekesha.

Kipindi kilikwenda vizuri. Kila mmoja alitoa mashitaka yake. Daktari alisema neno moja moja, lakini kila neno lilikuwa na pilipili yake. Kisha Mtangazaji akauliza swali ambalo aliona ni la kawaida tu, la kujazia muda kabla ya taarifa ya habari.

"Hebu tuambiane. Nani alikupa jina? Tuanze na Daktari."

"Ni jina la bibi yangu mzaa baba," alisema Daktari. "Alikuwa mkali kuliko mimi."

"Haiwezekani! Na wewe Kipa?"

Kipa alikikwaruza kidevu. "Mimi ni jina la mkunga."

"Mkunga?"

"Mama alifariki siku aliyonizaa. Ndugu walikuwa na majina yao waliyoyaandaa, ya mababu na nani. Baba akawakatalia wote. Akasema mtoto huyu atachukua jina la yule mkunga. Nilipokuwa mdogo watoto walinitania, wakisema nimeitwa jina la mwanamke. Nikienda kulalamika, baba ananiambia, nenda ukalitumikie." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye haya. "Kwa hiyo ndiyo nalitumikia."

Mtangazaji alikuwa ameinua spika ya sikio moja. "Mkunga wa wapi?"

"Hospitali ile ya kilimani. Ile wodi ya wazazi ya zamani, kabla haijavunjwa."

Hapo kukatokea kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye kipindi kile. Mtangazaji alinyamaza. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alianza kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Wasikilizaji waliochelewa kuoga walitoka bafuni kuangalia kama redio imezimika.

"Somo yangu," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Na mimi ni jina la mkunga. Wa wodi hiyohiyo."

Akasimulia alivyosimuliwa na mama yake. Kwamba alizaliwa mchana, kimya, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Kwamba mkunga alikuwa ameshamaliza zamu yake, amevaa viatu vya kutokea na mkoba uko begani, akachungulia mlangoni kuaga. Alipoona hali ilivyo, aliutupa mkoba sakafuni, akamchukua yule mtoto, akamsafisha koo, akampulizia pumzi, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Wenzake walishaanza kutazamana. Yeye hakuwatazama. Na mtoto akalia.

"Mama hupenda kusema kwamba tangu siku hiyo sijanyamaza, na sasa wananilipa."

Kipa alikuwa amekiweka kiganja chake kikubwa juu ya meza, wazi, kama anayesubiri kupewa kitu. Mtangazaji akaushika mkono ule. Daktari, ambaye hakuhusika, alivua miwani na kuipangusa, kisha akaipangusa tena.

Simu ya studio ililia. Aliyepiga alikuwa mwanamke, na alikuwa ananong'ona.

"Mimi ni binti yake," alisema. "Huyo mkunga mnayemsema ni mama yangu. Yuko hai. Yuko hapa jikoni, ameikumbatia redio na analia. Amenikataza nisipige. Basi nimetokea mlango wa nyuma, niko hapa kwenye kamba ya nguo. Mkitaka kuja, njooni Jumamosi, kabla hajapata nafasi ya kukataa."

Walikwenda Jumamosi. Mtangazaji alikwenda na mama yake mzazi, ambaye tangu alfajiri alikuwa amebadili gauni hadi akarudia lile la kwanza. Kipa alikwenda peke yake. Baba yake alikuwa safarini kwa dada yake, na Kipa hakutaka kumweleza jambo zito kama lile kwenye simu. Daktari naye alikuja, bila kualikwa.

"Najua mimi si wa kwenu," alisema akiwa mlangoni, "lakini na mimi ni somo yake, hata kama hanijui."

"Pita ndani mwanangu, nani amekufukuza?" sauti ilisema kutoka sebuleni.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, amekaa kwenye kiti cha mbao chenye mguu mmoja uliolegea, ambao binti yake aliuwekea kipande cha boksi. Chumba kilikuwa safi, kidogo, na kila kitu kilikaa karibu na ukuta ili asijikwae. Macho yake yalikuwa na weupe katikati, kama glasi iliyokaa maziwa ikasuuzwa vibaya. Hakuwa anaona zaidi ya mwanga na vivuli.

Mama yake Mtangazaji hakungoja kutambulishwa. Alimwendea, akapiga magoti, akamshika miguu. "Dada yangu," alisema, "nilitoka hospitali ile sijakuaga. Ulikuwa umeshaondoka. Nikarudi baada ya arobaini yangu, wakasema umehamishwa. Nimekaa na asante yako kifuani mpaka imekuwa nzito. Ichukue, tafadhali, nipumzike."

Mkunga alicheka huku anapapasa kichwa cha mwenzake. "Nimeichukua. Inuka basi, magoti ya watu wa umri wetu si ya kuchezea." Kisha akamgeukia Mtangazaji, akampapasa uso, mashavu, kidevu. "Nisamehe mwanangu, sikukumbuki. Hata kidogo. Watoto waliokuja wakalia wakaenda kwao walikuwa wengi mno. Nimekusikia kila asubuhi miaka yote hii, na sikujua kama sauti hiyo niliivuta mimi."

"Usijali, Mama. Mama yangu anakukumbuka kwa niaba yetu sote."

Ikabaki zamu ya Kipa. Ili uso wake umfikie mkunga, ilibidi achuchumae mpaka chini. Mkunga alimgusa mara moja tu kwenye paji la uso, akaurudisha mkono kama aliyeungua.

"Wewe mama yako alivaa gauni la maua ya bluu," alisema.

"Sijui, Bibi. Sikupata kuona nguo zake."

"Alivaa la bluu. Nami namkumbuka vizuri, kwa sababu wale waliokwenda ndio waliobaki nami." Alijifuta mkono kwenye gauni. "Damu ilikataa kusimama. Tulifanya yote. Daktari wa zamu alikuja, tukafanya yote, na bado akatutoka. Nilikufunga wewe kwenye shuka nikakupeleka nje kwa baba yako. Nilimkabidhi mtoto kwa mkono mmoja na msiba kwa mkono mwingine. Hakusema kitu. Alinitazama tu. Baada ya hapo niliomba kuhama. Hata nilipostaafu nikarudi mjini hapa, mtaa wenu sikuupita. Nilikuwa najua akiniona atanitemea mate, na atakuwa na haki."

"Bibi." Kipa alikuwa akilia bila kujificha, mtu mzima, jitu zima, amechuchumaa sakafuni. "Baba ndiye aliyenipa jina lako."

Mkunga aligeuza kichwa kuelekea ilikotoka sauti.

"Hukusikia redioni?"

"Nilisikia. Nilidhani umesema ili kunogesha kipindi tu. Watu wa redioni hutia chumvi." Mtangazaji alikohoa kidogo. "Jina langu? Baada ya yale?"

"Jina lako. Aliwagombeza ndugu zake wote kwa ajili yake."

Mkunga alishika tama. Binti yake aliingia na trei ya chai, akaona hali ya sebule, akageuka na trei yake akarudi jikoni. 

"Baba yako yu hai?" aliuliza mkunga.

"Yu hai. Ni seremala. Amestaafu kwa mdomo, mikono haijapata taarifa."

"Nataka kumwona. Si kumsikia. Kumsikia hakutoshi, mtu anaweza kusema lolote. Nataka nimwone uso wake akiniangalia."

Hapo ndipo Daktari, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kochi na mkoba mapajani, aliinuka. Alitoa kitochi kidogo mkobani. "Mama, naomba nikuangalie," alisema. Akamulika jicho moja, akamulika la pili, akamwambia atazame juu, atazame pembeni. "Hili limekaa muda gani?"

"Miaka," alijibu binti kutoka jikoni. "Ni mtoto wa jicho. Tumeambiwa linatibika. Yeye hataki kulisikia."

"Nimezalisha watoto wa watu maisha yangu yote," mkunga alisema, "huyu wa jicho ndiye aliyegoma kutoka."

Daktari alicheka. Mtangazaji, aliyejaribu kumchekesha hewani asubuhi nzima ile Jumatatu, akaona wivu. "Basi nipe mimi zamu hii, Mama. Safari hii nitakuwa mkunga wako."

"Naogopa," alisema mkunga, na hakuna aliyecheka tena. "Nimeona watu wakilazwa juu ya meza ile wakisema tutaonana baadaye. Mimi najua zaidi ya hawa."

"Ndiyo sababu sitakudanganya. Siwezi kukuahidi asilimia mia. Ila kitu ni kidogo, utakuwa macho, ganzi itakuwa ya jicho tu, na mimi nitakuwa naongea na wewe mwanzo mpaka mwisho. Ukisema acha, nitaacha mahali panapoweza kuachwa."

Mkunga alifikiri. Akauliza kama mkono wa Daktari hutetemeka. Daktari akaunyoosha, mkunga akaushika kwa vidole viwili pale kwenye mshipa, akatulia kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Haya," alisema. "Jicho moja kwanza. Tukikosana, nibaki na jingine la kukuogopea."

Siku ya upasuaji, Kipa alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameziweka glavu zake mapajani bila kujua kwa nini alizibeba. Mtangazaji alitoka kazini moja kwa moja. Ndani, mkunga alilazwa, uso ukafunikwa kitambaa chenye tundu, dawa ikadondoshwa. Daktari alikaa kichwani pake, darubini ya upasuaji mbele yake.

"Uko tayari, Mama?"

"Niko tayari. Nisukume au nisisukume?"

Muuguzi aliyeshika vifaa ilibidi ageuke pembeni. Daktari mwenyewe aliondoa mikono, akasubiri mabega yake yatulie. "Usisukume, Mama. Leo kazi yako ni kutulia tu."

"Ndivyo nilivyokuwa nawaambia. Sasa najua kwa nini walikuwa wakinitukana."

Alitulia kweli. Daktari aliutoa ule ukungu kipande kwa kipande, akaweka lenzi mpya mahali pake, na muda wote alikuwa akimsimulia kinachofanyika, yeye ambaye nyumbani kwake mume wake humwuliza kitu asubuhi akajibiwa jioni. Hakuna kilichoharibika. Mkunga alitoka akisukumwa kwenye kiti, jicho moja limefungwa, akidai chai.

Kesho yake walimfungua bandeji. Alipepesa, machozi yakatoka, akapepesa tena. Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa Daktari ulioinama mbele yake.

"Hee! Kumbe u mtoto mdogo hivi? Ningejua nisingekubali."

Halafu akayashusha macho mikononi mwake. Aliigeuza, viganja, migongo, viganja tena. Ngozi ilikuwa imekunjamana na kuwa na madoa ambayo hakuwahi kuyaona.  Alivifumba vidole, akavifumbua, kisha akamshika Daktari mashavu yote mawili kwa mikono ileile.

"Asante, somo yangu," alisema. "Asante, asante. Na bibi yako huyo mkali, nimshukuru wapi?"

 Daktari alimwekea matone ya dawa, akamwandikia ya kwenda nayo, akatoka haraka. Muuguzi anasema alimkuta ghalani, kati ya maboksi ya pamba, amesimama tu.

Jicho la pili lilifuata baada ya wiki chache, nalo halikuleta tabu. Nyumbani, binti yake alianza kujuta kwa utani, maana mama yake sasa alikuwa anaona utando wa buibui kwenye dari, masizi nyuma ya sufuria, na mashuka yasiyonyooshwa. "Ukuta huu umekuwa hivi tangu lini?" alikuwa akiuliza kila chumba. Lakini majirani wanasema asubuhi walikuwa wakimwona anatoka nje na kikombe chake, anasimama tu anatazama watu wanaokwenda kazini, mmoja mmoja, kama anawahesabu wasipungue.

Seremala alikuja Jumapili, na mwanawe. Alikuwa mzee mkavu, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Mkunga alimsubiri amesimama katikati ya sebule. Alikataa kukaa.

Walitazamana. Mtangazaji na mama yake, walioitwa washuhudie, walikuwa wamesimama mlangoni.

"Nilikutafuta," alisema seremala.

"Nilikukimbia," alisema mkunga.

"Nilikuja hospitali baada ya kuzika. Nilikuwa na ujumbe wako. Wakaniambia umekwenda." Alivua kofia. "Siku ile waliniruhusu niingie kumwona mke wangu, dakika chache tu, wewe umekwenda kuleta damu. Aliniambia, huyu mama hajaniachia mkono. Akasema, mtoto achukue jina lake, nimemwuliza ameniambia. Siyo mimi niliyechagua jina lile. Ni yeye. Mimi nilitii tu."

Mkunga alitafuta kiti kwa mkono, kwa mazoea ya kutoona, ingawa alikuwa anakiona.

"Ni kweli," alisema polepole. "Aliniuliza jina langu. Nilidhani anataka tu kujua wa kumwita akizidiwa." Akakaa, kiti kikayumba. "Na wewe ulivyonitazama siku ile?"

"Nilikuwa nakushukuru. Sikuwa na sauti. Nilidhani umeelewa."

Mkunga alilia, lakini kilio chake kilikuwa na pumzi ndani yake, kama cha mtu aliyetua mzigo na bado mgongo haujaamini. Mama yake Mtangazaji alimshika bega upande mmoja, Kipa upande mwingine. Seremala alisimama pale pale, kofia mkononi, akirudia neno moja tu, asante, akiitikia mwenyewe kwa kichwa, na mkunga naye alipopata sauti akamjibu kwa lilelile, mpaka ikawa haijulikani nani anamshukuru nani.

Chai ilipoletwa, seremala alikuwa ameshainama chini ya kiti cha mkunga. Alikiondoa kile kipande cha boksi, akautikisa mguu uliolegea, akatoa mdomoni sauti ya dharau kwa fundi aliyeutengeneza.

"Inuka kidogo, dada," alisema. "Kuna nyundo humu ndani?"

Binti alikuwa nayo. Kipa akapiga magoti, akakishika kiti kwa viganja vyake vyote viwili kisiyumbe, na baba yake akaanza kazi.